Solo Aomba Msamaha

Mume wangu alipotangaza kwamba sasa ni mwigizaji wa filamu, nilikuwa nimeinama nafuta sakafu, na sikuinuka. Nilimwambia apite pembeni, pamelowa. Akabaki amesimama palepale kwenye maji, mkono mmoja kiunoni, anangoja nishangilie.

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Pita pembeni."

Tuelewane mapema: mume wangu si mtu mbaya. Hanipigi, hanitukani, na umbea wote wa majirani juu yake niliujua kabla yao. Tatizo lake ni makofi. Tangu ujana wake watu wanampigia makofi, na mtu akishapigiwa makofi muda wote huo hujisahau, akikohoa tu anadhani ametoa kibao kipya. Alikuwa na bendi yake, anapiga gitaa la solo na kuimba humohumo, na jina la jukwaani likawa Solo. Watoto wetu wanamwita baba. Mimi namwita Solo, kama wale walevi wa mbele ya jukwaa, kwa sababu nilianza kumwita hivyo kabla hajanioa.

Ndiyo, kabla hajanioa. Na mimi nilikuwa jukwaani, msinione hivi. Nilikuwa sauti ya kike ya bendi ile, na kulikuwa na wimbo mmoja wa taratibu nilioutunga mwenyewe, nikianza kuuimba watu wanaacha kucheza, wanakaa chini wasikilize. Tukaoana, nikapata mimba. Solo akasema pumzika kwanza, mtoto akichangamka utarudi. Nikapumzika. Mtoto alipochangamka nikamfunga mgongoni, nikaenda ukumbi wa mazoezi, nimeoga, nimependeza, njia nzima napasha koo. Naingia, namkuta binti mwingine ameshika kipaza sauti anaimba wimbo wangu. Sawa, hilo ningelimeza. Lakini Solo akageuka, akaniona, akasema mbele ya bendi nzima:

"Aa, mama watoto! Umetuletea chai?"

Wakacheka wote. Sidhani walicheka kwa ubaya, nadhani walikuwa na kiu. Nikasema, "Hapana, nilikuwa napita tu," nikarudi nyumbani. Sijaimba tena mbele ya mtu tangu siku ile, na Solo hajawahi kuuliza kwa nini. Hilo ndilo jambo langu, na ni hilo tu. Sikutaka dhahabu, sikutaka kupelekwa matembezi. Nilitaka siku moja mtu yule akae chini, aniangalie, aseme nilikukosea, nisamehe. Watoto wakakua, wakaoa, wakaolewa, na mimi bado nangoja, mjinga mimi.

Sasa, hii filamu ilitoka wapi? Bendi ilikuwa imeshakufa kifo cha polepole. Vidole vya Solo vilianza kukakamaa, ukumbi wao ukampa kazi kijana mmoja na kompyuta yake, na Solo akabaki kupiga kwenye harusi, tena ule wakati watu wanakula. Kwenye harusi moja alikatisha wimbo katikati ili amgombeze mgeni anayetafuna kwa kelele. Watu waliona aibu, mimi nikiwa wa kwanza. Lakini kulikuwa na binti mmoja pale, mwongozaji wa filamu, rika la mwanetu wa mwisho, mwenye kofia ambayo mpaka leo sijaiona ikivuliwa. Akamfuata Solo, akamwambia, "Mzee, una uso wenye hadithi."

Uso wenye hadithi! Jamani. Mimi ndiye niliyeishi na huo uso. Hadithi iliyomo ni moja, na inamhusu yeye mwenyewe. Ila Solo aliyapokea yale maneno, akayaleta nyumbani, akayasema mbele ya kioo kila asubuhi huku anajigeuza upande huu na huu.

Filamu yenyewe ilihusu mzee aliyeidharau familia yake maisha yake yote, halafu uzeeni anarudi kumwomba mkewe msamaha. Nilipoisoma hiyo skripti ilibidi nitafute kiti. Nikamuuliza Solo kama ameielewa. Akasema ameielewa vizuri sana, ni kisa cha mwanamume mmoja mpumbavu, na kwamba itambidi afanye kazi kubwa kwa sababu mambo ya namna hiyo hana uzoefu nayo.

"Huna kabisa?" nikamuuliza.

"Wewe shahidi," akasema.

Nikamrudishia skripti yake.

Basi mazoezi yakaanza, na yakaanzia jikoni kwangu. Siku ya kwanza nilikuwa namenya vitunguu. Akaja nyuma yangu taratibu, akaniwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimeisikia tangu anichumbie: "Nisamehe, mke wangu. Miaka yote ulikuwa mbele yangu, na sikukuona." Kisu kikanidondoka. Nikageuka, machozi yananilenga, vitunguu navyo vimechangia, nikafungua mdomo nimjibu.

Akasema, "Au nipandishe kidogo pale kwenye 'sikukuona'?"

Nikaokota kisu. Nikamwambia apandishe atakavyo. Kuanzia hapo nyumba nzima iliombwa msamaha. Kioo kiliombwa msamaha, pazia la sebuleni liliombwa msamaha, friji ndiyo usiseme, iliombwa msamaha asubuhi na jioni kwa unyenyekevu mpaka mtu unaona haya kuifungua. Nikienda kuchukua maji ya kunywa naambiwa ngoja, sijamaliza. Nilikuwa nasimama pale na bilauri yangu, namsikiliza mume wangu anavyoiambia friji kwamba hakuiona miaka yote, na nilikuwa naionea wivu. Niseme ukweli wangu, niliionea wivu friji.

Upigaji picha ulipoanza akaondoka nyumbani amevaa miwani ya jua. Hazikupita siku nyingi, yule binti mwenye kofia akanipigia simu.

"Mama, shikamoo. Samahani kukusumbua. Naomba uje huku, mzee anatumaliza."

Walikuwa wamekodi nyumba ya mtu. Madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi, makochi yamesukumwa ukutani, waya zimetapakaa sakafuni kila mahali, na taa zao zinachoma kama tanuri. Watu wamelowa jasho. Kwenye kiti alikaa binti mdogo waliyemchora mikunjo usoni na kumpaka rangi nyeupe nywelani, huyo ndiye mke mzee. Wanawake wazee wenyewe nadhani walikuwa wamekwisha mjini. Na mbele ya yule binti alisimama Solo, ametunisha kifua.

Nikapewa kiti cha plastiki pembeni nijionee. Mwongozaji akasema, "Haya, anza." Solo akapiga mguu chini, akahesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu, ee!" ndipo akaomba msamaha. Fundi sauti akavua vile vidude vya masikioni, akamtazama mwongozaji kwa huzuni.

"Mzee," mwongozaji akasema, "tuliongea kuhusu kuhesabu."

"Bila kuhesabu nitaingiaje?" Solo akauliza, naye kweli alikuwa anauliza.

Wakarudia. Safari hii hakuhesabu, ila aliposema "Nisamehe, mke wangu" aliirudia kama kiitikio, na mara ya pili akanyoosha mkono kwa wale wa taa waitikie. Wakarudia tena. Akamgeuzia mkewe wa filamu kisogo, akaiangalia kamera usoni, akaiomba msamaha kamera, huku anatabasamu lile tabasamu la kuwapagawisha akina dada. Wakarudia. Akaenda vizuri, akaenda vizuri, watu wakaanza kupumua, mara akamwona mwenye nyumba amechungulia mlangoni. Sasa kwenye bendi, mtu wa heshima akiingia ukumbini lazima atajwe katikati ya wimbo, la sivyo atanuna. Solo akasema, "Nisamehe, mke wangu, miaka yote ulikuwa mbele yangu, mwenye nyumba wetu nakuona, karibu sana, na sikukuona!"

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Mwongozaji hakucheka. Akanivuta pembeni, akaniambia yuko mchekeshaji mmoja anaijua hiyo sehemu yote kwa kichwa, yuko tayari kuja kesho, na kwamba yeye mwenyewe inamuuma kumfukuza mzee wa watu.

"Kuna njia moja tu naiona," akasema. "Wewe ukae hapa, karibu kabisa na kamera. Asiongee na yule dada. Aongee na wewe."

Nilitaka kukataa. Nilishaombwa msamaha kwa zamu na friji, inatosha. Lakini nilimwona Solo kule anafutwa jasho, anaigiza kutojali, na chini ya ile poda niliona amesikia habari ya mchekeshaji, na ana hofu. Sijamwona Solo ana hofu mara nyingi. Nikakaa.

Wakazima minong'ono. Solo akaniangalia. Nami nikamwangalia, kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa. Hakupiga mguu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nisamehe, mke wangu. Miaka yote ulikuwa mbele yangu," na sauti ikakatika hapo, kidevu kikatetemeka, jicho la kushoto likatoa chozi moja, likateremka taratibu mpaka kwenye masharubu, "na sikukuona."

Ee Mungu wangu. Nililia. Nililia kwa sauti, sina haya ya kusema. Mpiga kamera alilia, yule binti wa mikunjo alilia rangi ikamchuruzika. Nikasema moyoni, yamekwisha. Hata kama maneno ameandikiwa, chozi hakuandikiwa. Ile chai niliitupa palepale, nikamsamehe yeye na bendi yake nzima, wazima na marehemu.

"Kata!" mwongozaji akasema. "Mzee, hiyo ni dhahabu. Fundi, imeingia?"

Fundi sauti akatikisa kichwa. Nje kulikuwa na mtu anapita na spika anatangaza dawa ya kunguni, na dawa ya kunguni yote imeingia kwenye msamaha.

Wakarudia. Nikajipangusa, nikakaa sawa. Solo akanyamaza kidogo, kadiri ileile. "Nisamehe, mke wangu. Miaka yote ulikuwa mbele yangu." Sauti ikakatika palepale. Kidevu kikatetemeka vilevile. Jicho la kushoto, chozi moja, masharubu. "Na sikukuona."

Nikaganda. Nikamkumbuka jukwaani, kila Jumamosi, akiimba wimbo wake wa kumlilia mama yake mzazi. Kila akifika ubeti wa mwisho sauti inakatika na chozi linatoka, na akina mama ukumbini wanavua vitambaa vya kichwa wanajifuta. Mama mkwe wakati huo alikuwa nyumbani kwetu, mzima wa afya, ananidai mboga. Basi ndicho kilichokuwa mbele yangu. Solo alikuwa amepata tu mahali pa kukatisha sauti, na Solo akishapata mahali hapaachi tena.

"Nzuri sana," mwongozaji akasema. "Moja ya akiba, tumalize."

Ya akiba! Nikasikia damu inanipanda mpaka masikioni. Solo akaniangalia, akanyamaza ule mnyamazo wake, akaanza. Nisamehe, mke wangu. Sauti ikakatika. Kidevu. Chozi likawa ndiyo linajiandaa.

"Kwa lipi?" nikasema.

Sikupanga. Lilitoka lenyewe, kavu kabisa. Watu wakageuka kuniangalia. Mwongozaji akainua mkono haraka, asithubutu mtu kuzima kamera.

Solo alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Lile chozi lilirudi lilikotoka. Akanikodolea macho, akaangalia sakafu, akaniangalia tena, na niliona wazi anapekua kichwani, anafungua huku, anafunga, anafungua kule, anatafuta kosa lake halioni. Uso ukamlegea. Ule uso nilioishi nao miaka yote, sikuwahi kuuona mtupu namna ile. Nikangoja. Wallahi nilingoja kwa roho yangu yote. Angetaja chochote kile, hata angetaja kosa jingine, ningelipokea.

Hakutaja.

"Kata," mwongozaji akanong'ona. Kisha akaruka juu, akamkumbatia Solo, akanikumbatia na mimi, kofia ikanigonga pua. "Mmeona kile kimya? Mmeona ule uso? Sauti yako mama nitaikata, usijali, lakini kile kimya ni filamu nzima!"

Na kweli ikawa filamu nzima. Siku ya onesho la kwanza ukumbi ulijaa. Pale mwisho, uso wa Solo ukajaa kwenye kitambaa cha sinema, mkubwa kuliko nyumba yetu, hausemi kitu, na watu walilia kwikwi. Mama mmoja jirani yangu, simjui, akanishika mkono gizani.

"Mwangalie anavyojuta, dada yangu. Hana hata maneno."

"Maneno hana," nikamwambia. "Hapo umesema kweli."

Magazeti yakaandika habari za kile kimya. Redioni Solo akahojiwa, nami niko jikoni nakoroga sufuria, namsikia anaeleza kwamba kile kimya alikitunga mwenyewe, alikifikiria kwa muda mrefu, na kwamba mwanamuziki huujua uzito wa kunyamaza. Mtangazaji akasema dah. Mimi nikaongeza moto. Majirani wakawa wananiambia nina bahati, mwanamume anayeweza kuomba msamaha namna ile siku hizi hapatikani. Nilikuwa naitikia. Nikisema hapana nitaonekana nina roho mbaya.

Kisha mwongozaji akamletea filamu nyingine. Safari hii ni baba anayemwomba msamaha mwanawe, na mwongozaji akataka kimya kilekile. Hapo ndipo Solo alipokwama. Kile kingine chote anaweza kukirudia mpaka uchoke, chozi, kidevu, mkwaruzo wa sauti. Kile kimya hakipati. Nilimkuta mbele ya kioo ameachama mdomo, amelegeza mashavu, anaonekana kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Alijaribu na friji. Wapi.

Asubuhi moja akaja jikoni, akavuta kigoda, akakaa. Solo hakai kwenye kigoda. Akakunja mikono magotini.

"Mama watoto," akasema, "ile siku uliniuliza kwa lipi."

Nikaacha nilichokuwa nafanya.

"Ndiyo."

"Ulikuwa na maana gani? Kuna jambo?"

Tangu anioe hajawahi kuniuliza hivyo. Nikavuta kigoda cha pili, nikakaa mbele yake. Nikafikiri, labda imemchukua muda tu. Wengine huchelewa. Labda kule kupekua kichwani hakukuishia kwenye kamera, kumemfuata mpaka kitandani, na leo ameamka amechoka kutafuta. Nikasema polepole.

"Lipo. Kulikuwa na siku moja nilikuja kwenye ukumbi wa mazoezi. Nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni."

Akanikazia macho, hapepesi. Sijawahi kusikilizwa hivyo maishani mwangu.

"Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima nilikuwa naimba kimoyomoyo, nina furaha kama mtoto. Nikafungua mlango..."

Hapo nikaona midomo yake. Ilikuwa inacheza. Kidogokidogo, bila sauti, nyuma yangu kwa neno moja. Mtoto mgongoni. Njia nzima. Nikafungua mlango. Alikuwa anakariri.

Nikanyamaza.

"Endelea, endelea," akasema, ameninyooshea mkono kama anavyowanyooshea wapiga ngoma wasipunguze. "Mtoto mgongoni, hapo pazuri sana. Pananiingia. Ukafungua mlango, halafu?"

Nilimwangalia yule mzee. Sikuwa hata na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Nikaiona siku yangu ile imewekewa mataa, binti aliyechorwa mikunjo anafungua mlango wangu, fundi sauti anauliza kama imeingia, tunarudia, moja ya akiba. Na baada ya hapo ukumbi mzima unalia, na Solo yuko redioni anaeleza alivyoitunga.

"Halafu," nikasema, "nikakuomba viatu."

"Viatu?"

"Viatu vyekundu. Vya kisigino. Nilikuwa nimeviona dukani. Ukaniambia sina pa kuvivalia."

"Ah!" akasema, na mabega yakamshuka kwa nafuu. "Viatu! Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya bendi nzima."

Akafumba macho akaonja. Alipoyafumbua nilikuta ameshaanza. Akashuka kwenye kigoda, akapiga magoti sakafuni, na magoti yake yale ni mabovu, akanishika mikono yote miwili. Sauti ikakatika mahali pake, kidevu kikatetemeka, jicho la kushoto likalowa. Akaniomba msamaha wa vile viatu, kwa kirefu, kwa uchungu, akavitaja na rangi yake na kisigino chake, na haki ya mtu mpe, hajawahi kuomba vizuri namna ile.

"Umenisamehe?" akauliza.

"Nimekusamehe," nikamwambia. Na kwa habari ya viatu, nilimsamehe kabisa.